Wimbo Tuliounasa kwa Betri Zilizochoka

Betri ya redio iliyoanikwa ina harufu yake, na si harufu nzuri. Inanuka chuma kilicholowa, chumvi kidogo, na karatasi iliyokaa muda mrefu mfukoni mwa mtu anayetoka jasho. Kwetu Kibugu harufu hiyo ilichanganyika na ile ya majani mabichi ya chai, kwa kuwa baba mdogo Ireri alizianika betri zake juu ya gunia lilelile lililobeba chai asubuhi. Wengi waliziita mawe, na zilipokwisha nguvu jina hilo lilizifaa, maana hazikuwa na kazi nyingine ila kutupiwa mbwa. Ireri hakukubali kwamba betri hufa. Kwake zilichoka tu, na kitu kilichochoka hupumzishwa juani. Alizipanga kwenye gunia, akazigeuzageuza kama mtu anayechoma mahindi, akazionja kwa ncha ya ulimi, kisha akatangaza, "Hizi bado ziko na maisha." Anayeijua Kibugu mwezi wa nane ataona upumbavu wake hapo hapo. Mwezi huo jua letu ni kama mgeni wa heshima: hungojwa kutwa nzima, na likija halikai. Ukungu hushuka kutoka msituni ukaingia kwenye chai, ukaingia jikoni, ukaingia hata ndani ya blanketi. Tulikuwa tukianika betri kwenye ukungu na kuzirudisha nyumbani zikiwa zimelowa kuliko zilivyotoka.

Likizo hiyo ndiyo ninayoikumbuka. Nilikuwa darasa la saba, msichana mwenye magoti makavu na soksi za shule ambazo mpira wake ulikuwa umekufa zamani, kwa hiyo nilizishikilia kwa blada, yaani vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kwa makasi na kufungwa chini ya goti. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho kilikuwa gitaa la umeme ambalo kanisa letu lilikuwa mbioni kulinunua pamoja na amplifaya yake. Ireri alikuwa na gitaa la mbao lililopasuka mgongo, na alilipiga vibaya kwa moyo wake wote. Mikono yake iliumbwa kwa ajili ya kukamua ng'ombe. Hata hivyo alinionyesha mikao michache ya vidole aliyoijua, na alipogundua kwamba nasikia mambo asiyoyasikia yeye, aliniachia gitaa akabaki kuwa mkurugenzi wa betri.

Leo mtu akitaka kujua wimbo, simu humwambia aweke vidole wapi, kama mtoto anayelishwa uji kwa kijiko. Sisi tulikuwa tunanasa. Kaseti ilichezwa kipande kidogo, ikasimamishwa. Kurudisha nyuma kwa kubonyeza kitufe kulikula betri, kwa hiyo tuliichomoa kaseti, tukatia kalamu kwenye tundu lake, tukaizungusha kwa mkono mpaka kifundo kikauma. Ukikosa kusikia, unazungusha tena. Maumivu ya aina hiyo hufundisha masikio haraka kuliko mwalimu yeyote. Nilianza na sauti za chini, zile zinazotembea kama mtu mzito anayepanda ngazi, nikazitia mdomoni na kwenda nazo nikizivumisha, mtoni, kwenye chai, hadi kwenye zizi la mbuzi, na Mama aliponiuliza jambo nilimjibu kwa kichwa ili zisinimwagike.

"Huyu mtoto amekuwa bubu?" Mama aliuliza.

"Amebeba wimbo," Ireri akamjibu.

"Basi abebe na kuni."

Sasa niwaeleze jinsi kanisa letu lilivyochagua amplifaya, kwa sababu nimeishi miaka mingi na sijaona ujinga uliovaa suti vizuri kama ule. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Njagi, mtu wa koti la mistari na kikohozi cha kuombea nafasi ya kusema. Yeye na wazee wenzake walisafiri hadi Meru mjini wakiongozwa na Mutwiri, mtoto wa shangazi yangu aliyeolewa Kangeta. Baba yake Mutwiri alikuwa mchuuzi wa miraa aliyefanikiwa, na mwanawe alikuwa amemaliza shule bila kuambulia chochote isipokuwa gitaa lake mwenyewe, miwani myeusi, na majina ya amplifaya aliyoyataja kama wengine wanavyotaja mitume. Kulipiga gitaa hakukumshughulisha sana. Alipenda kulivaa.

Dukani, kama Mutwiri mwenyewe alivyotusimulia baadaye akidhani anawasifu, wazee wale hawakuomba amplifaya hata moja iwashwe. Waliomba kuzinyanyua. Ni watu wa chai. Maisha yao yote wamelipwa kwa kilo, na hawawezi kuamini kitu kisichoumiza mgongo. Ile iliyonyanyuka kwa urahisi walisema imejazwa hewa. Ile iliyowashinda wawili wakiwa wameishika walisema hiyo ndiyo yenyewe. Mutwiri akaongeza kwamba ina taa nyekundu mbele na kitufe cha mwangwi, na mambo yakaisha. Waliporudi, Mzee Njagi hakuipeleka kanisani. Aliipeleka kwanza kwenye kituo cha kununulia chai, akaagiza itundikwe kwenye ile mizani ya ndoana tunayopimiwa magunia, ili washirika wote waone mshale ukizunguka. Watu walipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Karani wa chai, ambaye kila siku alitupunguzia kilo kwa madai kwamba majani yetu yana maji, alikodoa macho kwenye mizani akauliza, "Nikate ya maji, Mzee?" Yeye pekee ndiye aliyesema jambo la akili siku hiyo. Hakuna aliyeuliza inalia vipi.

Gitaa lenyewe lilikuja kwenye boksi, jekundu, jembamba, na niliruhusiwa kuligusa kwa kidole kimoja. Mzee Njagi alikohoa akatoa masharti yake. Siku ya kubariki vyombo angekuja mwimbaji kutoka Meru, Mama Gakii, mwenye wimbo wa shukrani uliopendwa. Anayetaka kulishika gitaa la kanisa kila Jumapili ampigie mgeni wimbo huo mbele ya watu, na atakayempigia vizuri ndiye atakayekabidhiwa. Mutwiri alisema yupo. Mimi nikasema nipo. Wazee wakaangalia viatu vyao.

"Huyu si ni msichana?" mmoja akauliza, kana kwamba nilikuwa nimejificha.

"Mwache ajaribu," Mzee Njagi akasema. "Akishindwa atanyamaza."

Kaseti ya Mama Gakii ilikuwa moja tu Kibugu nzima, na ilikuwa yetu. Mutwiri ndiye aliyetuachia, kwani hakuihitaji. Aliamini kwamba nyimbo zote ni mkao uleule wa vidole na kinachobadilika ni koti la mpigaji. Basi tukaiweka kwenye redio ya Ireri. Lo, sauti ya mama yule! Ilikuwa nzito, pana, ya polepole, sauti ya mtu anayezungumza kutoka ndani ya pipa. Ireri aliibeba redio hadi kituo cha chai, na wakulima waliokuwa wakisubiri lori walisikiliza wakitikisa vichwa. "Huyo mama ako na kifua," walisema. "Huyo akikaa, amekaa." Mke wa Mzee Njagi, aliyepewa kazi ya kumkaribisha mgeni, alianza kuulizia kiti. Viti vya kanisa aliviona havitoshi. Mwishowe kikaazimwa kiti kikubwa cha mbao ngumu kutoka kwa fundi wa karibu, kikapigwa misumari ya ziada miguuni, kikafunikwa kitambaa cha maua.

Mimi niliunasa wimbo ule wote. Kulikuwa na shida moja ambayo sikuielewa: gitaa halikuwa likifika chini kiasi cha sauti ya kaseti. Nililegeza nyuzi. Kesho yake kaseti ilikuwa chini zaidi, nikalegeza tena. Nililaumu baridi. Nilimwambia Ireri kwamba nyuzi zinajikaza kwa sababu ya ukungu, naye akakubali kwa uzito wa mtaalamu, huku mkononi ameshika betri aliyotoka kuilamba. Sote wawili tulikuwa tunaisikiliza redio ikifa, na kila ilipozama kidogo tuliifuata kule kule, tukiwa na furaha, tukidhani tunajifunza.

Siku ya kubariki vyombo, jenereta ya mwenye kinu cha kusaga mahindi ilikohoa nje ya kanisa kwa pamoja na Mzee Njagi ndani. Amplifaya ilikuwa mbele, taa yake nyekundu inawaka, na waumini waliitazama kama wanavyopaswa kuitazama madhabahu. Nilikuwa nimepewa gitaa jekundu dakika chache kabla, nikalegeza nyuzi zake mpaka pale nilipozijua. Kisha mlango ukafunguliwa na mgeni akaingia. Kwanza tulidhani ni msaidizi wake. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba kama mwanafunzi, kilemba chake kikubwa kuliko mabega yake. Mke wa Mzee Njagi aliendelea kuangalia nyuma yake akimsubiri yule mwingine. Mgeni akaonyeshwa kiti, akakaa, na miguu yake ikaning'inia bila kugusa sakafu. Akasalimu kanisa. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, ya juu, kama filimbi. Niligeuka nikamtazama Ireri. Alikuwa amefumba macho.

Mutwiri alipiga kwanza, kwa gitaa lake mwenyewe, lakini kwenye amplifaya ya kanisa. Alizungusha kitufe cha mwangwi hadi kikagoma. Kila alichokigusa kilitoka, kikarudi, kikagongana na kinachokuja, na kanisa likajaa kelele kama bonde ambalo watu wote wanaita ng'ombe wao kwa wakati mmoja. Humo ndani ungeweza kuficha kosa lolote, na Mutwiri alificha mengi. Mama Gakii aliimba juu yake, ameinua kidevu kama mtu anayevuka mto na nguo zake kichwani. Alipomaliza watu walishangilia wakimwangalia Mutwiri, yaani miwani.

Nikaanza mimi. Nilipiga utangulizi jinsi nilivyounasa, polepole, chini kabisa. Mama Gakii alifungua kinywa, akashuka kuitafuta sauti, akashuka tena, akafika mahali ambapo koo lake lilitoa hewa tupu. Akasimama.

"Mwanangu," aliniuliza, "hii wimbo ni yangu ama ni ya mume wangu?"

Kanisa likacheka. Nikasema nimeutoa kwenye kaseti yake.

"Kaseti gani?"

"Betri zilikuwa zimechoka kidogo, mama!" Ireri akapaza sauti kutoka nyuma, na hapo ndipo nilipoelewa, na sikio langu likawaka moto. Mkanda ulikuwa unakokotwa polepole, na sauti ya mama ikazama nao. Nyimbo zetu zote, za likizo nzima, zilikuwa za mtu aliyelala. Mutwiri alikuwa tayari amesimama, anakuja kulichukua gitaa kwa upole wa kunidharau. "Lete, dada, usijisumbue."

Mama Gakii hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, na akavumisha sauti yake ya kuanzia, kidogo tu, kama mtu anayekupa mkono ukiwa shimoni. Nyuzi zote zilikuwa zimelegezwa. Kuzikaza moja moja kungechukua muda ambao Mutwiri asingenipa. Mezani palikuwa na penseli ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Niliichukua. Niliinama nikafungua blada ya mguu wa kushoto, soksi ikaporomoka hadi kwenye kiatu, nikailaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa blada kwenye shingo ya gitaa, maana uzi uliofupishwa hulia juu. Nikagonga uzi mmoja. Bado chini. Nikaisogeza penseli mbele, nikagonga, nikasogeza tena, na sauti yangu ikapanda ikakutana na yake. Akaitikia kwa kichwa. Tukaanza. Wimbo ulikuwa na mwendo ambao sikuwa nimewahi kuusikia, ulikimbia, lakini nilijua kila pembe yake kwa sababu nilikuwa nimeupita kwa miguu, hatua kwa hatua, nikiwa nimebeba kuni. Tulipofika mwisho alisema, "Rudia," na hakuwa anawaambia watu. Tukarudia.

Baada ya chakula Mzee Njagi alisimama, akakohoa. Kamati imeonelea gitaa la kanisa likae na Mutwiri. Sauti yake ilijaa nyumba yote, alisema. Pia anavijua vyombo, na chombo kizito kama kile kinataka mkono wa mwanamume. "Na tena," akaongeza, akiangalia mguu wangu wa kushoto, "gitaa la Bwana halifungwi na blada ya soksi."

"Mzee," Mama Gakii akasema kutoka kwenye kiti chake kikubwa, "mimi ndio nimeimba na wote wawili. Hamniulizi?"

"Mama, wewe ni mgeni," Mzee Njagi akamjibu kwa tabasamu. "Kula."

Alikula. Wakati wa kuondoka alinikuta kwenye mlango nimekaa, nimeshika penseli ambayo hakuna aliyekumbuka kunidai. Hakunipapasa kichwa, hakuniambia Mungu ana mipango. Alisema, "Ukimaliza shule, usikae hapa. Na ununue soksi." Kisha akapanda gari lililomleta.

Mutwiri alilipiga gitaa lile Jumapili chache, akachoka, na siku moja akarudi Kangeta nalo, ambako naambiwa lilitundikwa ukutani sebuleni. Amplifaya haikwenda naye kwa sababu ilikuwa nzito mno, jambo ambalo lingemchekesha mtu yeyote isipokuwa kamati. Ilikaa mbele ya kanisa na chombo cha maua juu yake. Kinu kilipofungwa jenereta ikaondoka, na panya wakaingia kwenye spika. Mara ya mwisho nilipopita Kibugu niliikuta nyuma, imeegemezwa kwenye mlango wa kanisa ili upepo usiubamize. Ni kazi pekee niliyowahi kuiona ikiifanya bila kosa, na nakiri kwamba uzito wake ulisaidia.

Mimi sikukaa. Nilimaliza kidato cha nne nikaondoka, na nimekuwa nikiondoka tangu hapo. Nimeuza viazi Ruiri, nimepika mandazi na chai Maua kwenye mkahawa wa mzee mmoja Mwislamu mwenye malori, nimepiga gitaa kwenye harusi ambazo bwana harusi alilewa kabla yetu. Kila nilipokwenda nilimkuta Mzee Njagi, ingawa kwa majina mengine, ananyanyua vitu aone kama ni vizito. Siku hizi amekuwa kijana. Juzi nilimkuta kwenye duka la vyombo Embu mjini, nilikoingia kutafuta nyuzi. Muuzaji, mtoto mwenye ndevu za kuchorwa, alikuwa anamwonyesha mteja kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, akanigeukia na mimi nisikie.

"Hii, mathe, inafanya gitaa ilie kama betri inaisha."

Niliuliza kama watu wananunua.

"Sana. Inaleta ile hisia ya zamani."

"Na betri yake ikiisha?"

"Hii haina betri, inatumia stima."

Mteja alikuwa anakipima mkononi kisanduku, akakirusha kidogo, akasema, "Iko na uzito mzuri." Nikaomba gitaa lililokuwa ukutani. Nilipiga wimbo wa Mama Gakii kama nilivyounasa, chini kabisa, mwendo wa mtu aliyebeba kuni. Muuzaji akautambua. Mama yake huucheza jikoni, alisema. Akaufungua kwenye simu, na sauti ile nyembamba ikatoka, safi, sahihi, na bado, baada ya miaka yote hii, masikioni mwangu ni sauti ya mwanamke aliyeharakishwa kutoka mlangoni.

"Uko chini, mathe. Simu inasema wimbo unaanzia huku juu." Alitoa kwenye kaunta kibanio cha chuma kinachong'aa, kikiwa na springi na kifuko chake cha ngozi. "Bila hii huwezi kufika. Unabana tu hapa kwa shingo."

Nilikishika. Kilikuwa kizito. Nikakirudisha juu ya kaunta pamoja na gitaa lake, nikalipia nyuzi zangu. Mlangoni niliinama nikavuta soksi ya mguu wa kushoto, ingawa siku hizi nanunua nzuri na haziporomoki, nikatoka.